MAZIWA YA MAMA, SEHEMU YA 5: Kwani kunyonyesha nako kunasomewa?

 

Wiki iliyopita niliandika kwamba ukiona kunyonyesha kunauma, au mtoto hatosheki, mtafute mtu aliyefundishwa. Mama mmoja akaniuliza, "Sista, kwani kunyonyesha nako kunasomewa? Bibi yangu alilea watoto tisa na chuo hakukiona." Swali zuri. Leo nalijibu.

Bibi yako alikuwa na chuo chake. Alijifungulia nyumbani, shangazi na dada wakiwa pembeni, na tangu binti alishaona watoto wakinyonya kila siku. Wewe umejifungulia hospitali, kesho yake umeruhusiwa, umerudi kwenye chumba cha kupanga hapa Magu mjini. Mume yuko mwaloni, mama yuko Maswa kwenye simu. Nani atakuonyesha?

Utasema nesi. Tusidanganyane. Diploma yangu ilikuwa ya miaka mitatu. Tulikariri faida za maziwa ya mama, tukafaulu mtihani. Lakini kumsaidia mama ambaye ziwa limejaa limekuwa gumu, na mtoto analia hataki kulishika, hilo ni somo lingine na lina mafunzo yake.

Kuna kozi ya saa 40 ya unasihi wa kunyonyesha, iliyotolewa na WHO na UNICEF mwaka 1993. Kuna ya saa 20 kwa watumishi wa wodi za wazazi, chini ya mpango wa Hospitali Rafiki kwa Mtoto ulioanza 1991. Juu zaidi kuna wataalamu wanaofanya mtihani wa kimataifa, wanaoitwa IBCLC. Hao husoma masomo ya kunyonyesha kwa zaidi ya saa 90, wanahudumia akina mama kwa saa 300 hadi 1,000 kulingana na njia waliyopitia, na cheti chao kinahuishwa kila baada ya miaka 5. Huyo usitegemee kumkuta zahanati ya kijijini kwako. Wa saa 40 au 20 ndiye wa kumtafuta.

Mimi nilipitia ile ya saa 40. Nilidhani tutaanza na ziwa. Kumbe tulianza na mdomo wetu wenyewe! Tulifundishwa kukaa chini, usawa wa mama, bila meza katikati. Tulifundishwa kuuliza. Ukimuuliza mama, "Unanyonyesha vizuri?" atakujibu, "Ndiyo sista," na habari imeishia hapo. Ukisema, "Hebu niambie, jana usiku alinyonyaje?" utasikia mengi. Tukafundishwa kuacha maneno ya kuhukumu, kumsifia mama kwa anachofanya sawa, na kumpendekezea badala ya kumwamrisha. Ndipo tukaingia kwenye mazoezi, mdoli mkononi na ziwa la kitambaa, halafu wodini. Na hatumkamati mama ziwa tukamsukumizia mtoto mdomoni. Tunamwelekeza, anafanya mwenyewe, kwa sababu usiku wa manane atakuwa peke yake.

Faida yake niliiona kwa mama mmoja wa upande wa Kahangara. Uzazi wa kwanza, mtoto wiki tatu. Kaja na mama mkwe, ambaye alishaanza kumpa mtoto uji mwembamba kwa sababu "maziwa ya huyu ni maji tu." Ningeweza kuwasomea somo la miezi 6 bila maji wala uji, wakaitikia, wakarudi kuendelea na uji. Nikamwambia mama, "Umechoka, na unaogopa mtoto anashinda njaa." Machozi yakamtoka. Halafu nikaomba kumwona akinyonyesha. Mtoto alikuwa anashika chuchu peke yake! Maziwa yapo, ila hayafikii. Tukamsogeza, tumbo lake likagusana na la mama, tukasubiri apanue mdomo, akashika vizuri. Bibi alikuwa anatazama kimya. Nikamshukuru kwa kumleta mkwewe kliniki, nikampa kazi: yeye ndiye awe anaangalia mtoto anavyoshika. Uji ukaachwa. Wiki iliyofuata uzito kwenye kadi ukapanda.

Na wewe unaweza kuangalia leo, dalili ni nne:

1. Mdomo wa mtoto umepanuka sana.
2. Mdomo wa chini umegeukia nje.
3. Kidevu kinagusa ziwa.
4. Ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini.

Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayeshiba maziwa ya mama pekee anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Uzito unaopungua siku za mwanzo unarudi ndani ya wiki mbili. Kama haurudi, au mtoto analala tu haamki kunyonya, au ziwa lako ni jekundu na una homa, usisubiri kliniki. Njoo siku hiyo hiyo.

Jambo moja la kuwa nalo makini. Mshauri wa kweli hakuuzii maziwa ya kopo wala chupa. Tangu 1981 kuna kanuni ya kimataifa ya kuzuia kampuni kuyatangaza kwa akina mama, na Tanzania tuna kanuni zetu. Anayekupa ushauri kisha anakuonyesha kopo, hapo kuna biashara.

Tatizo letu ni kwamba tuliofundishwa hatutoshi. Zamu ya usiku unaweza kuwa na nesi mmoja na wazazi wengi, na aliyesoma akihamishwa, ujuzi umeondoka naye. Ndiyo maana natamani mafunzo haya yafike kwa wahudumu wa afya wa vijijini, wanaofika mpaka mlangoni kwako. Ukienda kliniki, uliza bila woga: "Nani hapa amefundishwa unasihi wa kunyonyesha?" Akiwepo, kaa naye. Wakiulizwa kila siku na hayupo, watajua anahitajika.

Jumamosi ijayo: likizo ya siku 84 imeisha, unarudi kazini. Tutajifunza kukamua kwa mkono na kumnywesha mtoto kwa kikombe. Msomee na mama mkwe, tunamhitaji.