Siku Moja Sintra, Mji wa Wafalme wa Ureno

Mtu wa Mombasa au Malindi akitaka kujua Wareno waliotia nanga pwani yetu mwaka 1498 walitumwa kutoka nyumba ya namna gani, hana budi kufika Sintra. Mji huu umejengwa ubavuni mwa kilima chenye misitu, kadiri ya kilomita 25 kutoka Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na tangu kale wafalme walikimbilia huko wakati wa joto. Gari la moshi (ingawa siku hizi laendeshwa kwa umeme) huondoka stesheni ya Rossio, na kwa muda wa dakika 40 hivi msafiri amefika.

Njiani nilijifurahisha kwa kusoma vibao. Kireno sikijui, walakini niliyakuta maneno tuliyoachiwa: meza ni mesa, bendera ni bandeira, mvinyo ni vinho. Kanisa huitwa igreja, na wataalamu wengi husema kwamba ndilo asili ya neno letu gereza. Aliyeizuru Ngome ya Yesu, Mombasa, hatashangaa sana, kwa kuwa ngome hiyo ilikuwa na kanisa ndani, kisha ikawa jela ya serikali tangu 1895 hata 1958.

Hewa ya Sintra ingempendeza mkulima wa Limuru. Ukungu watoka bahari ya Atlantiki, na kuta zote zimeota kuvumwani. Jumba la kale la wafalme liko katikati ya mji, nalo hujulikana kwa mbali kwa sababu ya dohani zake mbili nyeupe, zilizochongoka kama vichuguu, kila moja ina urefu wa mita 33. Chini yake ni jiko. Nilisimama ndani nikatazama juu, nikaona dohani hizo ndizo paa lenyewe la jiko. Hapo ndipo ilipopikwa nyama ya mawindo ya mfalme na watu wake wote.

Katika chumba kimoja dari yote imechorwa ndege weusi na weupe, jamii ya kunguru, 136 kwa hesabu. Yasimuliwa kwamba Mfalme João wa Kwanza alikutwa na mkewe akimbusu mwanamke wa nyumba ya malkia. Wanawake wa jumba wakapayuka mno, naye akaamuru wachorwe darini mfano wa ndege wapiga kelele. Hadithi hii sina dhamana nayo, ila wageni waliipenda.

Chumba kingine hakina kicheko. Mfalme Afonso wa Sita, aliyenyang'anywa utawala na ndugu yake, alifungiwa humo tangu 1674 hata alipokufa mwaka 1683. Husemwa kwamba vigae vya sakafu vililika kwa kwenda kwake huku na huku. Miaka tisa ni mingi kwa mtu kuhesabu hatua zake, hata akiwa mfalme.

Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya Mfalme Manuel wa Kwanza, aliyemtuma Vasco da Gama. Huyu ndiye aliyelipanua jumba hili kwa fahari, akajenga ukumbi mrefu ambao dari yake ina ngao za jamaa 72 za wakuu wa nchi, zimezunguka ngao ya mfalme zikimeta kwa dhahabu. Biashara ya Bahari ya Hindi ndiyo iliyomtajirisha, na sisi twajua sehemu ya bei yake. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa chombo kitakatifu cha kanisa, kilichokamilika mwaka 1506, nacho kimo hata leo katika makumbusho ya Lisbon. Mwaka 1505 majeshi ya mfalme huyo huyo yaliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa.

Basi nilipogeuka kutazama kuta nilistaajabu. Manuel aliagiza vigae kutoka Seville, vya nakshi za Kiislamu: nyota na mafundo, ndugu wa zile zinazochongwa katika milango ya Lamu. Mtu aliyetuma merikebu kupigana na miji ya Waislamu alipenda kulala katikati ya ufundi wao! Ukitoka nje na kuinua macho, waona juu ya mwamba ngome iliyojengwa na Waislamu waliotoka Afrika Kaskazini, iliyosalimu amri kwa mfalme wa kwanza wa Ureno mwaka 1147. Wareno waliwaita Wamouro, na jina hilo hilo walikuja nalo wakawapa watu wa Mombasa.

Kileleni ni jumba la Pena, lenye rangi nyekundu na manjano. Manuel alikuwa amejenga nyumba ya watawa hapo. Wenyeji husema alipanda mlimani kutazamia merikebu zirudizo kutoka Bara Hindi. Tetemeko la 1755 liliiharibu, na mwaka 1838 Ferdinand, mume wa Malkia Maria wa Pili, akayanunua magofu na kuyageuza jumba la kifalme. Kwangu mimi limezidi mapambo. Malkia Amélia alikuwa humo mapinduzi ya Oktoba 1910 yalipoondoa ufalme. Sasa ni mali ya taifa, na yeyote mwenye tikiti huingia hata jikoni, yaliko masufuria ya shaba.

Nilishuka kwa miguu msituni. Karibu na stesheni waliuza vitumbua vidogo vya Sintra viitwavyo queijada, vya jibini mbichi, mayai, sukari na mdalasini. Nikanunua sita, nikavila vyote kabla ya Lisbon.