Herufi Unayoikata

Mwanza

Mpwa wangu mpendwa,

Senene uliotutumia wamefika salama, na hawakulala mezani.

Nimeipitia ile karatasi yako ya mazoezi ya gesi. Nianze na swali la tairi, maana ndilo lililonichekesha. Asubuhi, kwenye nyuzi 20, geji ya tairi la pikipiki inasoma kilopaskali 200. Mchana tairi limepata moto hadi nyuzi 50. Wewe umezidisha 200 kwa 50, ukagawa kwa 20, ukapata 500. Kwa hesabu hiyo bodaboda wote wa Muleba wangekuwa wanasukuma pikipiki zao kabla ya saa nane mchana. Fomula uliyotumia ni sahihi, ila umeanza kuhesabu kutoka mahali ambapo si sifuri ya kweli. Nyuzi sifuri za Selsiasi ni pale maji yanapoganda tu. Molekuli za hewa bado zinakimbia mamia ya mita kwa sekunde na kugonga kuta za chombo, na kugonga huko ndiko kanieneo. Sifuri ya gesi iko nyuzi 273 chini ya hapo, ndiyo maana tunaongeza 273 tupate kelvini.

Geji nayo ina ujanja wake. Ikisoma sifuri, tairi halina utupu ndani. Hewa ya ndani na ya nje zinasukumana sawasawa, basi. Ziwa letu liko kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya Bukoba inasukuma kwa kilopaskali 88 hivi, si 101 zilizoandikwa kitabuni, ambazo ni za watu wa pwani. (Ndiyo sababu maji ya chai hapo kwenu huchemka kwenye nyuzi 96 na maharage huchelewa kuiva. Bibi asisingiziwe kwamba anabania kuni.) Basi chukua 200, ongeza 88, upate 288. Zidisha kwa 323, gawa kwa 293, kisha uondoe zile 88. Geji itasoma 229, na tairi liko salama.

Hilo utalizoea. Linalonisumbua zaidi ni kwamba katika kila swali umeandika PV = nRT, halafu ukaikata n pande zote mbili bila kusema kwa nini. Hiyo n ni kiasi cha gesi yenyewe. Una ruhusa ya kuikata pale tu gesi ilipofungiwa, haiingii wala haitoki. Robert Boyle alipoitangaza kanuni yake ya kanieneo na ujazo mwaka 1662 alikuwa ameinasa hewa ndani ya bomba la kioo, nyuma ya zebaki. Bila kunasa, kanuni hakuna.

Najua nyumbani habari ya MV Bukoba haizungumzwi sana, lakini umeshakuwa mkubwa, na sijui mfano mwingine unaoieleza n waziwazi kama huu. Meli ile iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka ikiwa imeikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokuwamo walizidi sana, na waliokufa ni mamia. Wapo waliozikwa hapa Igoma. Ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilibaki ikielea tumbo juu, na ndani mlikuwa na watu hai. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa ikatoka, meli ikazama.

Fanya hesabu. Hewa iliyonaswa ndani ya meli iliyopinduka husukumwa na maji kutoka chini, nayo hubanwa mpaka kanieneo yake ilingane na ya maji. Tuseme, kwa mfano tu, maji ya ndani yamesimama mita 2 chini ya uso wa ziwa. Kila mita ya maji huongeza karibu kilopaskali 10, kwa hiyo hewa ile iko kwenye 108. Kwa Boyle, ujazo wake ni 88 kwa 108 ya ule wa mwanzo, kama asilimia 81. Hakuna hewa iliyopotea. Imebanwa, na zile kilopaskali 20 za ziada ndizo zinazolibeba lichuma lote: kila mita ya mraba inabeba tani 2.

Sasa toboa tundu kwa juu. Hewa ya 108 inakutana na ya nje ya 88 na kutoka kwa kasi inayozidi mita 100 kwa sekunde, huku maji yakipanda nyuma yake. Boyle hana tena la kukuambia, kwa sababu n ndiyo inayokimbia kupitia tundu. Mimi siwalaumu waliotoboa. Ukisikia binadamu anagonga ndani ya chuma, mkono hutangulia. Lakini anayeingia kwa kupiga mbizi kutoka chini haitoi hewa, na kama ni lazima kukata, chombo kishikiliwe kwanza kwa kreni au maboya. Mwaka 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba, fundi mmoja wa meli hiyo alikutwa hai tarehe 22, ndani ya hewa iliyonaswa. Na hata yeye muda wake ulikuwa unakwisha: n huhesabu molekuli bila kujali ni za oksijeni au za kaboni dioksaidi, lakini mapafu yanajali.

Kanunue bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, bila sindano. Vuta hadi 20, ziba mdomo wake kwa kidole, bonyeza hadi 10. Utasikia kidole kinavyosukumwa; ukiachia, pistoni inarudi karibu na 20. Rudia, safari hii ulegeze kidole kidogo tu wakati unabonyeza, kisha uzibe tena na kuachia. Angalia inarudi hadi wapi, uniandikie.

Jambo la mwisho linatoka kwenye kazi yangu ya majokofu. Hizi kanuni ni za gesi bora, ile ambayo molekuli zake hazivutani. Gesi ninayojaza kwenye majokofu, na ile ya kupikia, ukizibana zinakuwa kimiminika, na hapo fomula yako haifai. Mtungi wa jikoni ukiwa umejaa au umebakiza robo, geji husoma karibu vilevile mradi joto ni lile lile na kimiminika kipo bado. Kwa hiyo mwambie mama yako aache kuutazama ule mshale. Aupime mtungi kwenye mizani na kutoa uzito wa mtungi mtupu, umeandikwa hapo hapo juu yake.

Nisalimie wote.

Mjomba wako