Wekundu wa Krismasi, zambarau ya ziwani

Ukija Mwanza mwezi wa Desemba usiishie kupiga picha mawe tu. Panda daladala la Kirumba, ukae dirishani. Mkrismasi ukishachanua huna haja ya kuulizia tarehe: mti mzima mwekundu, utadhani umewashwa moto, na chini kivulini machinga kajipanga. Shuka, tembea mpaka mwaloni. Kama upepo umelisukumia ufukweni, utaona zambarau laini juu ya maji, kama kitenge kipya kimetandazwa. Ndiyo gugumaji hilo. Usilitamani haraka!

Niliokota ua moja moja nikayalinganisha kiganjani. La Krismasi lina petali tano, nne nyekundu na moja yenye weupe na madoadoa. La gugu lina sita za zambarau, na ile ya juu ina jicho la njano. Yaani yote mawili yana petali moja ya kujishaua! Na yote ni ya kuja: mti kwao Madagaska, gugu kwao Amerika ya Kusini.

Ila tabia, mbali kabisa. Mkrismasi ni mgeni mstaarabu, unasimama pale ulipoupanda. Sawa, mizizi yake inatambaa juu juu, usiuweke karibu na ukuta wa nyumba. Lakini makunde yake yakikauka watoto wanapata kayamba za bure.

Gugu halingoji kupandwa. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, Mto Kagera ukiwa mojawapo ya njia zake. Likikuta joto na maji yenye uchafu wa mjini, linaongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Linazaa vitoto ubavuni, na ua likinyauka, shingo inainama kumwaga mbegu majini. Kuanzia 1995 waliletwa fukusi, nao wa huko huko kwao gugu, wakalitafuna likapungua sana. Kwisha, halijaisha.

"Dada, hilo ua zuri kwa asiye na mtumbwi," mvuvi mmoja wa dagaa aliniambia huku anacheka. Kweli tupu. Mwalo ukizibwa, mtumbwi hautoki, nyavu zinanasa, konokono wa kichocho wanapata maficho, na mama mwenye ndoo inabidi aingie mpaka magotini akitafuta maji yaliyo wazi.

La Krismasi nilichomeka nyweleni. La zambarau nililitupa kwenye changarawe, mbali na maji.