Kupima Kipimo

Nyumbani Bombambili, Songea, nilitunga kiini kidogo cha mfumo wa kompyuta, nikajisifu kwa wenzangu kabla ya kukijaribu. Kulipokucha saa yake ilikuwa nyuma ya redio kwa dakika tano. Kosa lilikuwa langu. Kichakataji huhesabu mapigo yake, lakini urefu wa sekunde hakiujui. Sharti kilinganishwe na kihesabio cha zamani, kipigacho karibu mara 1,193,182 kwa sekunde. Nililinganisha mara moja tu. Kazi nyingine ikidakiza katikati, mapigo huzidi, kichakataji hudhaniwa chepesi kuliko kilivyo, na saa huchelewa. Linux hurudia kipimo, ikakitupa kilichovurugwa. Nami nikarudia. Usiku, redio ilipotangaza saa mbili, nilizuia pumzi. Kioo kilionyesha saa mbili.