Ndugu au Mwandishi?

Nisiwe mnafiki: napenda filamu za mauaji. Si zile za kubuni tu. Nazungumzia zile za matukio ya kweli, ambazo mwanzoni unaona picha ya mji mdogo ulivyopigwa kutoka angani, barabara moja, kanisa moja, halafu sauti ya mtu inasema hapa watu walikuwa hawafungi milango. Nikisikia tu hiyo habari ya milango, natafuta mto wa kuegemea. Najua usiku umeshaisha huo.

Naziangalia Bukoba, chumbani kwangu Kashai, kwenye kompyuta ambayo betri yake inadumu dakika arobaini umeme ukikatika. Na umeme hukatika. Mara nyingi hukatika pale mpelelezi anapofungua faili la mwisho. Hapo nabaki gizani nikisikia mvua inapiga mabati, na mvua ya Bukoba si ya kuuliza itaisha saa ngapi. Bando likiwepo namalizia kwenye simu. Lisipokuwepo nalala na muuaji ambaye simjui jina.

Mama yangu, ambaye yuko Muleba, alikuja kunitembelea mwaka juzi akanikuta kwenye shughuli hiyo. Akakaa pembeni, akaangalia kama robo saa bila kuelewa lugha. Kwenye kioo kulikuwa na picha za wasichana wanne, zimepangwa, wanacheka. Akauliza, "Hawa ndio waliofanya?" Nikamwambia hapana Mama, hawa ndio waliouawa. Akanyamaza kidogo. "Na ndugu zao wanajua kwamba wewe unawaangalia?"

Nikacheka. Nikamwambia wako Marekani, mbali. Akasema haya, akaenda kulala.

* * *

Nimejiuliza ugonjwa huu niliupata wapi. Naamini ulianza na vitabu. Nyumbani kwetu hakukuwa na maktaba, lakini kulikuwa na sanduku la bati la baba mdogo aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam, na ndani yake riwaya za upelelezi zilizopoteza majalada. Humo nilikutana na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Baadaye sana, shuleni, nikakutana na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mzee wa kiko na akili, ambaye kisa chake cha kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilitoka mwaka 1960. Nilisoma kwa koroboi mpaka pua ikawa nyeusi kwa masizi.

Kitu kimoja nilikiona hata nikiwa mtoto: katika vitabu vile hakuna aliyeuawa kwenye kibanja. Watu walikufa hotelini, kwenye magari, kwenye miji yenye lifti. Waliuawa kwa sababu ya siri za nchi au fedha nyingi. Kwetu, migombani, hakukuwa na siri za nchi. Kulikuwa na ugomvi wa mipaka, kahawa iliyoibwa ikiwa bado mbichi mtini, mtu aliyelewa rubisi akaanguka mtaroni. Kwa hiyo kusoma habari za mauaji kulinipa raha fulani ya usalama: ubaya ulikuwa na anwani, na anwani ile haikuwa yetu.

Filamu hizi za sasa zinanipa raha ileile. Vipindi vinane, kisha jibu. Mtu anakamatwa, anapigwa picha akiwa ameshika kibao chenye namba, muziki unapigwa. Katika maisha yangu ya kazi ya uandishi wa habari mkoani, sijawahi kupata kisa kinachoisha kwa vipindi vinane.

* * *

Mkoa wetu umezoea misiba mikubwa. Mtu wa rika langu wa Kagera anapanga umri wake kwa misiba hiyo. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa, na hadi leo kuna nyumba huku ambazo tarehe hiyo haipiti kimya. Septemba 10, 2016, alasiri, ardhi ilitetemeka na kuta zikaanguka, shule zikaanguka, tukalala nje kwa hofu. Novemba 6, 2022, asubuhi ya Jumapili yenye mvua, ndege iliingia ziwani ikitaka kutua, watu 19 wakafa, na wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Nimeandika habari za misiba miwili kati ya hiyo. Ni kazi ngumu, lakini kuna kitu kinachomsaidia mwandishi: katika ajali, mji mzima unakuwa upande mmoja. Kila mtu ni mfiwa au jirani wa mfiwa. Unamlaumu ziwa, unaulaumu mwamba chini ya ardhi, unailaumu serikali, lakini humwangalii aliyekaa nawe kwenye benchi ukajiuliza kama ni yeye.

Halafu ikaja Mei 2024.

Usiku wa tarehe 30, Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa kike wa miaka miwili mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao. Alitafutwa kwa zaidi ya wiki mbili. Tarehe 17 Juni mwili wake ulipatikana ndani ya mfuko, kwenye karavati, wilayani humohumo, na baadhi ya viungo havikuwepo. Mwisho wa mwezi watu tisa walifikishwa mahakamani Bukoba. Jina la mtoto nchi nzima ililijua. Mimi hapa sitaliandika, na sababu yake ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuisimulia.

Siku moja baada ya mwili kupatikana, mhariri alinipigia simu. Alitaka maneno mia nne na picha. "Picha ya nini?" nikauliza. Akasema ya mama, kama inawezekana akiwa analia. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu mwenye ukurasa wa kujaza. Nikapanda Hiace, nikashuka njia panda ya Muhutwe, ambapo barabara ya kwenda Kamachumu inaanza kupanda. Pale kuna vijana wa bodaboda. Nikamwendea mmoja, nikamwambia ninakotaka kwenda. Akanitazama begi la kamera, akaniuliza, si kwa ukali:

"Ndugu au mwandishi?"

Nikauliza kuna tofauti gani.

"Ndugu tunawapeleka bure," akasema. "Waandishi wanalipa."

Ilikuwa nauli ya kawaida tu, wala haikuzidi elfu tano. Nilikuwa nayo mfukoni. Lakini nilishindwa kuitoa. Nilisimama pale nikihesabu undugu wangu. Mimi ni mtoto wa Muleba. Mama yangu ananunua mafuta ya taa duka moja na watu wa kule. Kama ingekuwa ndege, ningesema ndugu bila kufikiri, na kalamu ningeitoa baadaye. Sasa nilijua ninakwenda kutafuta chozi zuri kwa ajili ya ukurasa. Nikamwambia kijana asante, nikakaa kwenye kibao cha muuza mahindi, na baada ya nusu saa nikapanda gari la kurudi. Kwa mhariri nikasema barabara ilikuwa na utelezi. Habari niliandika kwa kuunganisha taarifa ya polisi na maneno ya viongozi. Mia nne kamili. Ilitoka.

Wiki mbili baadaye, nikiri, nikafungua kompyuta nikaendelea na kipindi cha tano nilipokuwa nimeachia.

* * *

Lakini kuna kitu kilikuwa kimeharibika. Nilianza kuhesabu dakika. Aliyeuawa anapewa dakika tano: picha ya shule, mbwa wake, jirani anayesema alikuwa mchangamfu. Muuaji anapewa saa sita: utoto wake, baba yake, mwandiko wake, wanasaikolojia watatu. Mwisho wa yote unakumbuka jina la nani? Mwaka 2022 Netflix ilipotoa tamthilia ya Jeffrey Dahmer, Rita Isbell, dada wa mmoja wa vijana waliouawa, alilalamika hadharani. Alikuwa ameona uchungu wake wa mahakamani umeigizwa neno kwa neno, na hakuna aliyemuuliza kabla. Niliposoma malalamiko yake, nikamsikia mama: na ndugu zao wanajua?

Nikarudi pia kwa Truman Capote. *In Cold Blood* niliisoma chuoni na kuipenda, na bado naipenda, wallahi. Familia ya watu wanne, shambani, kijiji cha Holcomb, Kansas, Novemba 1959. Capote alikwenda huko, akakaa, akarudi tena na tena, akawazoea wauaji wawili waliokuwa wakisubiri kitanzi. Kitabu kilihitaji mwisho, na mwisho ulikuwa kunyongwa kwao, Aprili 1965. Safari hii, nikisoma, nilikuwa namtafuta jirani. Yule aliyebaki Holcomb baada ya mwandishi kupanda treni, anayepita mbele ya nyumba ile kila siku akienda dukani. Yupo, lakini kwenye pembe za kurasa.

Katika Muleba, pembe hizo ndizo ukurasa wote. Swali la filamu ni nani alifanya. Swali letu lilikuwa nani kati yetu, na baya zaidi, nani aliagiza. Maana viungo vya binadamu havina soko kwa maskini. Imani ile, kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta utajiri au cheo, ilikwishaua watu wengi Kanda ya Ziwa tangu katikati ya miaka ya 2000. Ndiyo maana namheshimu Vicky Ntetema. Mwaka 2008, akiwa BBC, alijifanya mteja akaenda kwa waganga ili kuonyesha biashara yenyewe inavyofanyika: nani anauza, kwa bei gani. Alitishiwa maisha, ikabidi ajifiche. Naye alikuwa mwandishi, wala si ndugu. Nauli yake alilipa kubwa. Lakini hakwenda kutafuta chozi. Alikwenda kumtafuta mnunuzi.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la Muhutwe, na halikuwa lile nililodhani. Nilidhani nimekosea kwa kukaribia kwenda. Kumbe yule kijana hakunikataza. Alinitajia nauli mbili na kuniacha nichague, na kazi ya uandishi ilikuwa halali kabisa, ina bei yake tu. Mimi sikutaka kulipa hata moja. Sikwenda kulia na watu, na sikwenda kuuliza maswali magumu. Niliandika maneno mia nne nikiwa nimekaa, kama ninavyotazama filamu.

Jina silitaji kwa sababu hiyo. Kulitaja kungenifanya nionekane ninamjua.

* * *

Mwezi Novemba mwaka uleule, uchaguzi wa serikali za mitaa ukiwa umekaribia, nilikuwa kwenye Hiace ya asubuhi kwenda kumwona mama. Kuna watu huku wanaouogopa msimu wa uchaguzi kuliko msimu wa radi. Kemondo alipanda mama mmoja na mtoto wa kiume wa kama miaka mitano, mwenye ualbino, kofia pana, mikono ya shati imefika viganjani. Gari likanyamaza. Sio kimya cha ubaya. Kila mtu alikuwa amekumbuka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Konda akamwambia, "Mama, sogea nyuma pale," akaonyesha nafasi karibu yangu, dirishani, upande ambao jua la asubuhi lilikuwa linaingia lote.

Kabla hajakaa alitutazama. Alianza mstari wa mbele akaja nyuma, uso kwa uso, taratibu. Nilikifahamu kile anachofanya. Ndicho ninachofanya mimi kipindi cha kwanza, picha za wanakijiji zinapopita: yule mwalimu, yule mchungaji, yule jirani mwenye tabasamu. Nani? Alipofika kwangu alikaa kidogo zaidi. Labda kwa sababu ya begi.

Nilitaka kusema kitu. Kwamba mimi ni wa hapahapa, kwamba mama yangu yuko Muleba mjini, kwamba asiogope. Lakini ni nani asiyeweza kusema hayo?

Nikanyanyuka, nikahamia upande wa jua, nikawaachia wao kivuli. "Asante, baba," akasema.

Mtoto aliniuliza ndani ya begi kuna nini. Nikamwambia kamera. Akataka kuiona. Nikamtazama mama yake kwanza. Akatikisa kichwa, hapana, nami nikalisukuma begi chini ya kiti. Tukapita Muhutwe. Vijana wa bodaboda walikuwepo, wamekaa juu ya pikipiki zao. Mtoto alisinzia. Mama hakusinzia, wala hakuuachia mkono wa mwanawe hadi tulipofika Muleba.