Mti unaotoa jasho la chumvi



Baada ya kipindi cha mazingira wiki iliyopita, mama mmoja aliye kambini alinipigia simu: "Mwanangu, ile miti ya kwenye chumvi uliyoisema, hatuwezi kuipanda huku Uvira ili maji yasitufuate tena?"

Swali lilinigusa. Nyumba ya wazazi wangu nayo ilikwenda na maji Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika.

Miti hiyo niliiona Muanda, nilipokwenda huko kwa mafunzo. Nchi yetu kubwa ina pwani fupi, karibu kilomita 40 tu, pale mto Kongo unapoingia baharini. Hapo ndipo inapoota mikoko. Mvuvi aliyenibeba kwa mtumbwi alichuma jani moja, akasema: "Lamba." Nikalamba. Chumvi! Aina ile, ambayo Waswahili wa pwani ya mashariki huiita mchu, hunywa maji ya chumvi, kisha huitoa chumvi majanini kama jasho. Aina nyingine, yenye mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui, huizuia mizizini. Humo katikati samaki wadogo hukulia, na tope halichukuliwi ovyo na maji.

Tangu 1992 eneo hilo ni hifadhi. Hata hivyo niliona visiki. Watu hukata kuni za kukaushia samaki na za kuchoma makala. Sikuwalaumu, njaa haingoji.

Sasa jibu langu, mama. Mikoko si ya huku. Makao yake ni pwani, ambako bahari hujaa na kupwa kila siku. Ziwa Tanganyika halina chumvi wala halijai na kupwa namna hiyo. Lakini kingo zetu zilikuwa na walinzi wao: matete na mabingobingo. Tuliyafyeka wenyewe tupate kulima na kujenga. Baba yangu pia alifyeka. Hayazuii mafuriko makubwa kama yale ya 2020, ila hushika udongo usimeguke kila mvua inaponyesha.

Jumamosi nilipanda mabingobingo ukingoni, pale lilipokuwa jiko la mama yangu. Ukirudi, mama, nitakupa miche.