Barua zilifika, simu yangu ikalala

Wengi wenu mnaijua anwani yangu ya emaili kwa sababu iko chini ya kila habari ninayoandika hapa. Wapo waliokimbia vita wakaachana na jamaa zao njiani, na wanaituma kama vile zamani mtu alivyoacha bahasha kwenye ajansi ya magari: «Mwandishi, ukimwona fulani umwambie niko hai.» Nikipata barua kama hiyo naipeleka redioni, tunasoma jina jioni, na mara nyingine mtu anapatikana. Mwezi huu kwa siku 11 kazi hiyo haikufanyika, na kosa ni langu. Naandika nieleze ilivyokuwa, maana kuna watu walionitumia barua wakadhani nimewapuuza.

Ilianza siku ya jumatatu, pale ninapochajisha simu kwa franga 500. Simu ilikuwa imeomba kusasishwa kwa majuma mengi, na mimi nilikuwa nakataa kwa kuogopa mega kuisha. Siku ile redioni kulikuwa na mtandao mzuri, nikaikubalia ikapakua, kisha nikaipeleka kuchaji ijisasishe huko huko. Ilipowaka tena ilinionyesha kurasa kadhaa za maswali. Nyuma yangu watu walikuwa wamepanga mstari na simu zao mkononi. Nilibonyeza «Accepter», «Accepter», «Suivant», hadi mwisho. Ukurasa mmoja nakumbuka ulikuwa na picha ya betri. Sikuusoma.

Kutoka hapo kila kitu kilionekana sawa. WhatsApp ililia kama kawaida, simu zilipigwa, picha zilienda. Hata emaili zangu zilikuwa zinatoka: mara mbili nilifungua programu nikatuma habari kwa wakubwa wangu, zikafika. Barua ya juu kabisa ilikuwa ile ya jumapili, siku moja kabla ya kusasisha. Niliiona mara zote mbili. Nilijisemea kwamba juma hili watu wametulia, hakuna aliyeandika.

Kuna mama mmoja mhami ambaye kila ijumaa anakuja redioni. Nitamwita Mama Mapasa, kwa kuwa ana watoto mapacha, na jina lake halina kazi hapa. Alikimbia toka upande wa Eringeti, sasa analala na watoto wanne katika chumba kimoja cha familia iliyompokea huku Bungulu. Mume wake walipoteana usiku wa kukimbia. Mama huyo hana simu; ile aliyokuwa nayo ilibaki kwenye nyumba. Anakuja, anasimama mlangoni, hakai hata ukimpa kiti.

«Papa wa redio, kuko habari?»

«Bado, mama. Hakuko kitu.»

Ijumaa ile nilimjibu hivyo hivyo, na simu nilikuwa nayo mkononi.

Siku ya kumi na moja, mwandishi mwenzangu wa Butembo alinipigia akiwa na hasira. Alinitumia emaili tatu, hakuna jibu, je, nimeacha kazi? Nilimwambia hajatuma kitu. Akaniambia niangalie vizuri. Jenereta ya redio ilikuwa inawaka, nikakaa kwenye kompyuta, nikaingia kwenye sanduku langu kwa njia ya intaneti, siyo kwa programu ya simu. Barua 23 ambazo hazijasomwa.

Mbili zilitoka kwa mume wa Mama Mapasa. Alikuwa kambini Rwamwanja, huko Uganda, na aliandika kwa emaili ya jirani. Ya kwanza ilisema amepata nafasi ya kuja hadi mpakani, atapita Mpondwe, na jumamosi atakuwa Kasindi toka asubuhi, hapo magari ya Beni yanaposimama. Ana pesa kidogo ya kuwapa. Mama na watoto wajitahidi kufika. Ya pili aliiandika baada ya jumamosi hiyo. Alikaa mpaka jioni, hakuona mtu. «Kama mama watoto hataki, aseme tu, nisiendelee kumsumbua.»

Nilisoma maneno hayo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sikutaka kumwita redioni, nilienda mwenyewe Bungulu. Alikuwa anapanga makaa ya kuuza. Nilimsomea barua zote mbili, nikamweleza kwamba zilikuwepo na mimi sikuziona. Hakunilaumu. Aliuliza kitu kimoja tu: alikuwa Kasindi siku gani? Nikasema jumamosi. Akafikiri. «Jumamosi nilikuwa hapa hapa, nafua.»

Kutoka Beni hadi Kasindi ni kilometa karibu 80. Barabara ile tunaijua sote, kuna siku magari yanasubiri kusindikizwa na wanajeshi, lakini magari yanaenda. Angeweza kufika.

Jibu tulilituma siku hiyo hiyo, mama akisema na mimi nikiandika. Halafu ilibidi nihakikishe kwamba jibu la mume likija simu yangu italipokea, usiku au mchana, maana kompyuta ya redio inawaka tu wakati kuna mafuta. Kwanza nilienda kwa fundi wa simu, kijana mwenye meza yake chini ya mwavuli. Hakuuliza swali. Alisema tuifute simu yote ianze upya, na nimwachie neno la siri la emaili hadi jioni. Kwa heshima nilichukua simu yangu nikaondoka. Neno la siri haliachwi kwenye meza ya mtu, hasa kama ndani ya sanduku kuna majina ya watu waliokimbia na mahali walipojificha. Na kufuta kila kitu ni kama kubomoa nyumba kwa sababu ya kitasa. Hata kuiondoa anwani tu na kuirudisha kuna hatari yake: kama simu yako inatumia ule mtindo wa zamani wa POP, barua ikishashuka kwenye simu inaweza kuwa imeondolewa kule ilikotoka, na ukifuta umeipoteza kabisa.

Nilichojifunza nitakieleza kwa mfano wa ajansi, maana ndivyo mimi mwenyewe nilivyokielewa. Barua yako haiji moja kwa moja kwenye simu. Inafika kwenye kompyuta kubwa ya kampuni yenye kuhifadhi emaili, inakaa pale kama bahasha kwenye ajansi. Baadaye ni moja kati ya mambo mawili: ama ajansi inakuita, ama simu yako inapita kuuliza kila baada ya dakika 15, au 30, au saa nzima, kadiri ulivyoipangia. Barua zangu zilikuwa ajansini siku zote hizo. Ni simu iliyoacha kwenda kuuliza.

Ndiyo maana cha kwanza ni kujua barua imekwama wapi. Angalia sanduku kwa njia ya intaneti, kwenye kompyuta au simu ya mtu unayemwamini, na ukimaliza utoke kabisa. Kama barua haiko hata huko, simu yako haina kosa: pengine aliyeandika alikosea anwani, au sanduku limejaa. Sanduku la bure la Google lina gigabaiti 15, ambazo picha na video ulizohifadhi huko zinazila pia. Kama barua iko huko, fungua programu kwenye simu na uvute orodha chini kwa kidole. Zisiposhuka hata hivyo, angalia mtandao, neno la siri na tarehe. Tarehe ya simu ikikosea kwa miezi au miaka, simu inakataa kuongea na ajansi kwa kuona kama vitambulisho vyake vimepitwa na wakati. Mimi saa yangu ilikuwa imerudi nyuma saa moja, ikifuata Kinshasa badala ya huku mashariki, nikafurahi kwamba nimemkamata mwizi. Haikuwa yeye. Tofauti ya majira kati ya Kinshasa na sisi haizuii barua, inachelewesha mikutano tu.

Kwangu, nilipovuta kwa kidole, zote 23 zilishuka. Maana yake akaunti ni nzima, neno la siri ni zima, kilichokufa ni ile safari ya simu kwenda kuuliza yenyewe. Niliingia kwenye «Paramètres», sehemu ya akaunti, nikakuta ile alama ya «Synchroniser automatiquement les données» imezimwa. Niliiwasha. Baada ya hapo nikaingia ndani ya programu yenyewe, maana huko nako kuna alama yake kwa kila anwani, nikaweka dakika 15.

Nilidhani nimemaliza. Asubuhi niliamka, nikafungua programu, barua tatu za usiku zikaingia palepale mbele ya macho yangu. Kumbe zilinisubiri niamke. Nilifanya jaribio: kwenye kompyuta ya redio nilijiandikia barua, nikaweka simu mezani kioo kikiwa kimezimika, sikuigusa. Dakika 30, kimya. Nilipoigusa na kufungua, barua ikaingia.

Hapo ndipo nilikumbuka ile picha ya betri. Simu za Android, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, zikiwekwa bila kuguswa, kioo kimezimika na haziko kwenye chaji, zinazilaza programu ili betri isiishe. Toleo la 9 la mwaka 2018 likaongeza jambo: simu inatazama programu gani unazitumia sana na zipi kidogo, na zile za kidogo inazibana zaidi. Mimi programu ya emaili siifungui hovyo, nangoja kengele. Kwa hiyo simu inaiona kama mtu asiye na kazi, na mtu asiye na kazi hapewi chakula. Nilifungua orodha ya programu, nikagusa ya emaili, sehemu ya betri: ilikuwa imewekwa kwenye kubanwa. Nikachagua «Sans restriction». Kwenye simu nyingine maneno yanatofautiana kidogo, lakini mahali ni hapo. Halafu nikaangalia upande wa data kama programu inaruhusiwa kutumia mega wakati haijafunguliwa, na kama kile chombo cha kubana data, «Économiseur de données», hakiizuii. Nikajiandikia barua tena, nikaenda kunywa chai. Kengele ililia kabla kikombe hakijaisha.

Wenye iPhone nao wana sehemu yao, ndani ya mpango wa Mail, ya namna ya kuchukua data mpya. Waangalie sana lile chaguo la «Automatiquement». Jina lake linatuliza moyo, lakini barua za kwenda kuulizwa linazichukua kwa nyuma tu simu ikiwa kwenye chaji na kwenye Wi-Fi. Kwa mtu wa kambini asiye na umeme wala Wi-Fi, hiyo ni sawa na kamwe. Achague dakika 15 au saa.

Sitasema yote hayo ni bure. Betri yangu sasa inakufa mapema kuliko zamani, kuna siku nachajisha mara mbili, ni franga 1000. Naelewa kwa nini simu inataka kulala, na kwa mtu anayecheza muziki tu iache ilale. Kosa langu ni kubonyeza nisichosoma, na zaidi ya hapo ni kuona barua moja ile ile ya juu kwa siku 11 bila kujiuliza. Watu wetu huwa hawatulii juma zima.

Jibu lilifika usiku wa nne, saa saba kasoro. Simu ililia chini ya mto. Safari hii mume aliandika namba ya jirani yake, jambo ambalo nawaomba wote wanaonitumia barua walifanye: wekeni namba ya mtu wa karibu, andikeni tarehe, na mkipanga mahali pa kukutana acheni siku za kutosha, tena mngoje nijibu kwamba nimepokea. Kama hamkuona jibu langu kwa siku mbili, hamjajibiwa kwa sababu sijasoma. Andikeni tena, au mpige redioni. Waliobaki kati ya wale 23 nimewajibu wote, na majina sita tuliyasoma hewani jumatano na alhamisi.

Nilinunua uniti, Mama Mapasa akaongea na mume wake amesimama kwenye korido ya redio, amegeukia ukuta. Waliongea dakika tisa. Kuhusu Kasindi bado hawajapanga siku nyingine. Mume amemaliza pesa ya safari na lazima aitafute tena.

Ijumaa iliyopita alikuja kama kawaida, akasimama mlangoni.

«Papa wa redio, kuko habari?»

«Bado, mama.»

Safari hii hakuondoka. Aliingia, akavuta kiti, akakaa.

«Fungua nione.»

Nikafungua programu, nikaweka simu mezani kati yetu, nikavuta orodha chini kwa kidole, na tukangoja wote wawili ile duara imalize kuzunguka.